Tuzo za Waziri Bora wa Fedha: ipi uipe uzito na ipi uipite tu

Kila mwaka, hasa kuanzia Septemba mpaka Januari, mitandaoni zinaanza kuzunguka picha za mawaziri wa fedha wameshika tuzo, chini yake maandishi makubwa "waziri bora wa fedha wa mwaka", na papo hapo watu wanagawanyika, hawa wanapongeza mpaka basi, wale wanasema imenunuliwa hiyo. Kinachoniuma mimi ni kwamba swali la kwanza kabisa haliulizwi, yaani imetolewa na nani, na huyo aliyeitoa alikuwa anaangalia nini. Maana tuzo hizi ziko nyingi na hazifanani hata kidogo, nyingine ina zaidi ya miaka 40 na nyingine imeanzishwa juzi tu, nyingine inatoka kwa jarida, nyingine kwa serikali, halafu zote zikifika kwenye simu yako zimeandikwa maneno yaleyale. Kwa hiyo hapa naziweka pembeni kwa pembeni zile ninazoona zinatajwa sana, na nasema wazi ipi ningeichukulia serious na kwa kazi gani.

Tuanze na kongwe lao, Euromoney. Hili ni jarida la London lililoanza 1969, na tuzo yake ya Waziri wa Fedha wa Mwaka ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kawaida inatangazwa kipindi cha mikutano ya mwaka ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na Benki ya Dunia, wakati mawaziri wote wako sehemu moja na mabenki nayo yapo hapohapo, na anachaguliwa mtu mmoja kwa dunia nzima. Hilo la mtu mmoja ndilo linaloipa uzito, huwezi kujificha kwenye kundi la kanda. Ila jiulize wasomaji wa Euromoney ni akina nani: ni mabenki, mifuko ya uwekezaji, watu wanaonunua hatifungani za serikali, yaani hati ambazo serikali inauza ili ikope hela. Jicho la tuzo hii ni jicho la anayekopesha. Swali lake kubwa ni kama hela ya mkopeshaji iko salama na kama nchi imefungua milango, na hilo ni swali halali kabisa, ila siyo maswali yote.

Angalia waliowahi kupewa utaona mstari unavyokwenda. 1984 alipewa Paul Keating wa Australia, muda mfupi baada ya serikali yao kuiachia dola ya nchi ile ielee, yaani thamani yake ipangwe na soko, Desemba 1983. 1993 alipewa Manmohan Singh wa India, na huyu nadhani hata wabishi wanakubali, maana alipoingia wizarani katikati ya 1991 akiba ya fedha za kigeni ilikuwa imebaki ya kuagizia bidhaa kwa wiki mbili tatu hivi, dhahabu ya taifa inawekwa rehani nje, na Julai ileile rupia ikashushwa thamani na leseni nyingi zilizokuwa zinabana viwanda zikafutwa. Aliposhika tuzo, India ilikuwa imeshatoka ukingoni. 2004 akaja Ivan Mikloš wa Slovakia, aliyeleta kodi ya kiwango kimoja cha asilimia 19 kuanzia Januari 2004, wawekezaji wakaipenda mno.

Halafu 2005 ikaenda kwa Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndiyo mfano ninaouona una uzito kuliko yote. Nigeria ilikuwa inadaiwa na nchi za Klabu ya Paris, kundi la serikali zinazokopesha, kama dola bilioni 30, deni ambalo kwa sehemu kubwa lilivimba kwa riba na faini za kuchelewa, na yeye na timu yake wakakaa mezani mpaka yakapatikana makubaliano mwaka huohuo wa 2005, bilioni 18 zikafutwa na Nigeria ikalipa kama bilioni 12, ikamaliza Aprili 2006. Kabla ya hapo walikuwa wameshaweka utaratibu wa kutunza pesa ya ziada pale bei ya mafuta inapopanda, na serikali ikaanza kuchapisha magazetini mgao wa kila mwezi unaoshuka majimboni, kitu ambacho mwananchi wa kawaida aliweza kukisoma na kumuuliza gavana wake. Hapa mkopeshaji na mwananchi wote walikuwa na sababu ya kufurahi, na hiyo ni nadra. Hata hivyo wapo Wanigeria waliohoji kwa nini bilioni 12 ziende zote kwa mkupuo kwa wadai wakati hospitali na shule zinalia, na swali lao lilikuwa la haki. Na cha kukumbuka, Juni 2006 alihamishiwa Mambo ya Nje na Agosti akajiuzulu, tuzo haikumlinda.

Hilo la tuzo kutomlinda mtu limejirudia. Alexei Kudrin wa Urusi alipewa na Euromoney 2010, kazi yake kubwa ikiwa ule mfuko wa akiba ya mapato ya mafuta ulioanza 2004 na kuisaidia nchi kupita mtikisiko wa 2008 na 2009, na haukupita hata mwaka, Septemba 2011 akafukuzwa kazi baada ya kupishana hadharani na rais wake Medvedev. Mwezi huohuo tuzo ikaenda kwa Wayne Swan wa Australia, Mwaustralia wa pili baada ya Keating, kwa sababu nchi yake ilivuka msukosuko wa dunia bila mdororo, serikali ilimwaga hela kwenye uchumi mapema, dola za Australia bilioni 10.4 Oktoba 2008 na nyingine bilioni 42 Februari 2009. Nyumbani kwao wapinzani wakasema sifa hizo ni za China iliyokuwa inanunua madini na za waliomtangulia walioacha hazina imeshiba. Na ile ahadi yake ya kuifikisha bajeti kwenye ziada mwaka wa fedha 2012/13 aliiacha mwenyewe Desemba 2012. Je alikosea kupewa? Mimi nasema hapana, kuokoa ajira wakati dunia inaporomoka ni kazi kubwa sana, ila ona jinsi tuzo inavyopima kipande kifupi cha muda halafu watu wanaitumia kama hukumu ya maisha yote ya mtu. Hata ile kodi ya Mikloš ya asilimia 19, Slovakia yenyewe iliachana nayo 2013 ikarudi kwenye viwango vinavyopanda kwa kipato.

Sasa The Banker. Nalo ni jarida la London, la tangu 1926, liko chini ya familia ya gazeti la Financial Times. Tofauti kubwa na Euromoney ni kwamba hili linatangaza Januari na linagawa kwa kanda, kuna mshindi wa dunia halafu wa Afrika, wa Ulaya, wa Asia na Pasifiki, wa Mashariki ya Kati na wa Amerika. Kwa mtu anayetaka kumfananisha waziri na majirani zake hii inasaidia kuliko ya Euromoney, kwa sababu waziri wa nchi ndogo inayotegemea zao moja huwezi kumpima mzani mmoja na wa nchi yenye mabenki makubwa. Mfano mzuri ni Jacek Rostowski wa Poland, alitajwa waziri bora wa Ulaya 2009, na mwaka ule Poland ndiyo nchi pekee ya Umoja wa Ulaya ambayo uchumi wake ulikua, wengine wote walishuka, hapo hakuna mjadala. Lakini kanda inapokuwa na washindani wachache au mwaka ukiwa mwepesi, tuzo inaweza kumwangukia mtu ambaye miezi michache baadaye hayupo. Januari 2017 The Banker lilimtaja Ravi Karunanayake wa Sri Lanka kwa Asia na Pasifiki, Mei akahamishiwa Mambo ya Nje, Agosti akajiuzulu wakati uchunguzi wa mauzo ya hatifungani unaendelea, mwenyewe akikana kosa lolote. Na Aprili 2022 Sri Lanka ikasimamisha kulipa madeni ya nje, japo kwa haki niseme hilo la 2022 lilikuja na serikali nyingine, baada ya kodi kukatwa sana mwishoni mwa 2019 na baada ya korona kuua utalii, siwezi kulibebesha tuzo ya 2017. Ninachosema ni kwamba anayesoma "bora wa Asia" akadhani madeni ya nchi yako salama anasoma kitu ambacho hakikuandikwa.

Ya tatu ni ile ya GlobalMarkets, zamani ikiitwa Emerging Markets, gazeti linalochapishwa hapohapo kwenye mikutano ya IMF na Benki ya Dunia na kugawiwa kwa wajumbe. Hii inaangalia nchi zinazoinukia tu, kwa kanda. Ukiniuliza mimi, kwa nchi zetu hizi zinazokopa kwenye masoko ya nje hii ina taarifa nyingi kuliko jina lake linavyojulikana, maana waandishi wake wanashinda na watu wa hatifungani na wachumi wa mabenki na wanajua nani anaheshimika ndani ya vikao. Sri Mulyani Indrawati wa Indonesia ameichukua zaidi ya mara moja, Pranab Mukherjee aliipata kwa Asia 2010 na Arun Jaitley 2015. Kasoro yake ni ileile ya Euromoney ila nzito zaidi, wanaoulizwa maoni ni wale wanaonufaika nchi ikikopa na kulipa vizuri.

African Banker nitaipita haraka. Ni jarida la bara la Afrika linalochapishwa na kampuni iliyoko London, na tuzo zake zinatolewa usiku mmoja wakati wa mikutano ya mwaka ya Benki ya Maendeleo ya Afrika, chini ya ulezi wa benki hiyo, na kuna kipengele cha waziri wa fedha. Uzuri wake ni kwamba wanaoshindana wanakutana na matatizo yanayofanana na majaji wanayajua. Tatizo ni kwamba ukumbini wadhamini ni mabenki na taasisi zilezile zinazofanya biashara na wizara za fedha. Haimaanishi kuna hongo, usinielewe vibaya, ila ukiisoma ujue nani kalipia ukumbi.

Dubai sasa. Tuzo ya Waziri Bora Duniani inatolewa kwenye Mkutano wa Serikali za Dunia, ilianza 2016, na hii si ya mawaziri wa fedha peke yao, mawaziri wa wizara zote wanaingia. Wa kwanza alikuwa Greg Hunt wa mazingira, Australia, na nyumbani kwake kulikuwa na ubishi mkali, 2017 akapewa Awa Marie Coll-Seck wa afya, Senegal, na 2018 ndipo Sri Mulyani akawa waziri wa fedha wa kwanza kuichukua. Uteuzi unasimamiwa na kampuni za ushauri na ukaguzi za kimataifa, wanaangalia uongozi, ubunifu, na mabadiliko yaliyomfikia mwananchi, na hilo la mwisho ndilo linaloitofautisha na zote za juu. Mkopeshaji hayupo katikati hapa. Lakini anayeandaa ni serikali, yaani serikali moja inampa tuzo waziri wa serikali nyingine ambayo inafanya nayo biashara na diplomasia, na vipimo vya daktari na vya mhasibu vinawekwa kwenye mzani mmoja. Utalinganishaje kampeni ya malaria na marekebisho ya kodi? Mimi sijui mtu anayeweza kulifanya hilo vizuri, kwa hiyo tuzo hii naiheshimu kama utambuzi wa mtu, ila kama kipimo cha usimamizi wa fedha za umma naiweka chini ya The Banker na GlobalMarkets.

Huyu Sri Mulyani anafaa sana kwa kulinganisha kwa sababu kapita kwenye karibu zote, Euromoney 2006, ya kanda mara kadhaa, Dubai 2018. Alikuwa waziri 2005 mpaka 2010, akaenda Benki ya Dunia, akarudi 2016 akakaa mpaka Septemba 2025. Tuzo tofauti, majaji tofauti, miaka tofauti, serikali za marais tofauti, wote wakafika kwa mtu mmoja. Kwangu hicho ndicho kipimo chenye nguvu kuliko tuzo yoyote ikiwa peke yake: tuzo zisizojuana zikikubaliana ndani ya miaka mingi, kuna kitu hapo.

Kuna aina nyingine ambayo naipenda kuliko hizi zote na watu hawaizungumzii sana, nayo ni ile inayoweza kumfelisha mtu. Financial Times kwa miaka kadhaa lilikuwa linapanga mawaziri wa fedha wa Ulaya kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, 2009 juu alikuwa Christine Lagarde wa Ufaransa, 2010 Wolfgang Schäuble wa Ujerumani, 2011 Anders Borg wa Sweden, na walipima vitu vitatu, siasa anaiwezaje, uchumi wake unakwendaje, na masoko yanamwamini kiasi gani. Uzuri wake ni kwamba kuna mtu anakuwa wa mwisho, na jina lake linachapishwa. Kwa upande wa magavana wa benki kuu, jarida la Global Finance tangu 1994 linatoa alama kuanzia A mpaka F kwa kudhibiti mfumuko wa bei, kulinda sarafu, kusimamia riba na kadhalika. Tuzo ambayo kazi yake ni kusifu tu haiwezi kukuambia nani kaharibu, na mwananchi anahitaji kujua hilo zaidi kuliko kujua nani kapendeza.

Hapo hapo niseme, msichanganye hizo mbili. Kila mwaka naona gavana wa benki kuu kapewa A na Global Finance halafu posti inasema waziri wa fedha kang'ara, au kinyume chake. Gavana anashika riba na sarafu, waziri anashika kodi, matumizi na deni la serikali. Inawezekana kabisa mmoja anafanya kazi nzuri kwa sababu anazima moto anaouwasha mwenzake.

Na zile za kulipia? Zipo, tena nyingi. Kampuni haina jarida linalosomwa na mtu, haisemi majaji wake ni akina nani, inaandika barua kwa wizara kwamba mheshimiwa kateuliwa, halafu inakuja ankara ya meza za chakula cha usiku, ankara ya kutumia nembo, ankara ya kurasa za matangazo. Ukiona tuzo ina vipengele vingi kiasi kwamba karibu kila aliyehudhuria anarudi na kitu, na huwezi kupata popote maelezo ya kwa nini huyu na siyo yule, achana nayo. Euromoney na The Banker wanapotangaza wanaandika makala ndefu ya sababu, unaweza kuisoma na kubishana nayo, na hiyo tu ni tofauti kubwa.

Kwa hiyo uchague vipi. Kama wewe ni mwandishi wa habari na umepewa taarifa kwamba waziri kashinda, ya Euromoney na The Banker inastahili habari kamili, ya GlobalMarkets pia, ila weka kwenye aya ya pili nani katoa na wasomaji wake ni nani, ya Dubai iandike kama habari ya uongozi na siyo ya uchumi. Kama uko kitengo cha mawasiliano wizarani na mmepata mialiko kadhaa, msiguse hata moja inayodai pesa ya umma ili jina litajwe, na mkishinda hizi za maana wekeni na makala ya majaji hadharani badala ya picha peke yake. Kama wewe ni mwanafunzi unatafuta mfano wa kuandikia, chukua Singh 1993 na Okonjo-Iweala 2005, kwa sababu pale sababu na matokeo vinaonekana kwa tarehe na kwa hesabu, na chukua Mikloš 2004 kama unataka mjadala.

Kama wewe ni mpiga kura unataka kujua tu hela yako inasimamiwaje, hapo nitakutoa kwenye tuzo kabisa. Kuna Utafiti wa Bajeti Wazi wa shirika la International Budget Partnership, unatoka kila baada ya miaka miwili hivi tangu 2006, nchi zaidi ya 100 sasa, alama 0 mpaka 100, na wanasema nchi ikifika 61 ndipo mwananchi ana taarifa za kutosha kuijadili bajeti. Mwaka 2021 iliyoongoza dunia ilikuwa Georgia kwa alama 87, nchi ambayo waziri wake wa fedha wengi wetu hatuwezi hata kumtaja. Wanaangalia nyaraka nane, kama zimetoka na kama zimetoka kwa wakati: taarifa ya awali ya bajeti, pendekezo la serikali, bajeti iliyopitishwa, bajeti ya lugha rahisi ya wananchi, ripoti zinazotoka mwaka ukiendelea, mapitio ya nusu mwaka, ripoti ya mwisho wa mwaka na ripoti ya ukaguzi. Tafuta nchi yako humo, na ukikosa muda wa kuangalia zote nane anza na mapitio ya nusu mwaka na ripoti ya ukaguzi, maana pendekezo la bajeti karibu kila serikali inalitoa kwa mbwembwe, hizi mbili ndizo zinaonyesha pesa ilikwenda wapi baada ya hotuba.